Kipimajoto Namba Kumi na Saba

Siku ile nilijibanza nyuma ya tangi la maji, juu ya paa la watu, kama mwizi wa nguo za kuanikwa. Mimi, mtu mzima, mwenye shahada ya chuo kikuu na kitambulisho cha kazi shingoni! Jasho lilinitiririka mgongoni, magoti yaliniuma, na tangi lenyewe lilikuwa la moto, ukiligusa unaruka. Lakini nilikuwa nimeapa kwamba siondoki pale mpaka nijue kipimajoto namba kumi na saba kinaumwa nini.

Ngoja nieleze vizuri, maana watu wakisikia kazi yangu hucheka kwanza. Nilikuwa napima joto la jiji. Jiji letu liko katikati ya jangwa, na kwamba jangwani mchana kuna joto, hilo hata mtoto mchanga analijua. Wasilolijua wengi ni kuwa jua likizama mchanga hupoa upesi, lakini huku kwetu lami na kuta za zege hubaki na joto la mchana hadi usiku, zinatuchoma kidogo kidogo tukiwa tumelala. Ofisi ilitaka kujua jiji linazidi jangwa kwa nyuzi ngapi, na mitaa ipi inaumia zaidi. Nikapewa vipimajoto arobaini, kila kimoja ndani ya kifuniko cheupe chenye matundu. Nilivifunga kwenye nguzo na juu ya mapaa, na kimoja nikakipeleka nje kabisa, kwenye mchanga mtupu, kiwe cha kulinganishia. Kila dakika kumi vilituma vipimo kwenye simu yangu. Siku thelathini mfululizo, bila pengo. Mitaani wakanibatiza Bibi Joto, na mwisho nikawa naitika.

Namba kumi na saba kilikuwa juu ya nyumba ya fundi magodoro, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia. Kila siku, saa kumi na moja kasoro dakika kumi, jiji zima likiwa linaoka kwa nyuzi arobaini na tatu, kumi na saba kilishuka mpaka thelathini na tano. Kilikaa hapo karibu saa nzima, kisha kikapanda tena bila haya. Nilibadilisha betri. Nikabadilisha kipimajoto chenyewe. Wapi!

Bosi wangu alipoona alikaribia kucheza ngoma ofisini. "Huo ni mtaa wa baridi! Vichochoro vyembamba, kivuli, upepo unapita. Binti, tumegundua kitu!" Alhamisi ya wiki iliyofuata angesimama mbele ya wakubwa wa jiji na kuwaambia mitaa mipya yote ijengwe kwa mfano wa ule.

Moyo wangu ulikataa. Upepo gani huo unaoripoti kazini kwa saa?

Basi nikiwa pale nyuma ya tangi nikasikia hatua kwenye ngazi. Akatokea Fundi mwenyewe, mrefu, mikono ya shati ameikunja, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nywele na kwenye nyusi. Mkono mmoja alishika ndoo. Mkono wa pili alibeba shuka. Akalichovya shuka kwenye ndoo, akalikamua kidogo, akalitandaza juu ya kifuniko cha kipimajoto changu na kuliviringisha taratibu, pande zote, mtu ungedhani anamfunika mtoto mwenye homa.

"Pole sana, ndugu yangu," akakiambia. "Leo jua limekuonea kweli."

"Weee!" nikaruka kutoka mafichoni. "Usiguse hapo!"

Akashtuka, mguu ukaipiga ndoo ikapinduka. Maji yakamwagika sakafuni, na haki ya Mungu, yalikauka kabla hatujamaliza kutazamana.

"Bibi Joto! Umetokea wapi?"

"Usiniulize nimetokea wapi! Unafanya nini na kipimajoto changu?"

"Nakipoza."

"Unakipoza!" Sauti ilinitoka nyembamba mpaka mwenyewe nikaishangaa. "Wewe Fundi una akili timamu? Kazi yake ni kupima joto, halafu wewe unakipoza?"

"Kinasimama juani kutwa nzima. Nilikionea huruma."

"Kipimajoto hakionewi huruma!"

"Hilo hukuniambia," akasema, na uso wake ulivyokuwa mnyofu, nilitaka kumpiga na nilitaka kucheka, sijui kipi kilitangulia. "Uliniambia tu nikitunze vizuri. Nikakitunza."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduka. Siku ishirini na nne tulikuwa tumepima. Shuka lilianza siku ya nne. Hesabu zote za jioni za kumi na saba zilikuwa za shuka la kitanda, na kilikuwa kipimajoto pekee nilichokuwa nacho katika mitaa yote ya zamani, kule ambako nusu ya jiji inaishi.

"Umeniua, Fundi," nikasema polepole. "Mkataba wangu unasema vipimo visiwe na pengo. Pengo likiwepo, mradi unafungwa mwisho wa mwezi, na mimi narudishwa nilikotoka. Ni safari ya siku mbili kutoka hapa."

Uso ulimshuka. Akachuchumaa mbele yangu, macho yetu yakawa sawa, na nikaona kope zake nazo zina pamba.

"Siku mbili?"

"Siku mbili."

"Basi nitasema kweli yote, unitukane mara moja yaishe. Siku ile ya kwanza, ilikuwa huruma. Haki tena. Lakini kesho yake ukaja mbio, umejifunga kile kitambaa chako cha kijani, ukapanda hapa ukakaa saa nzima unakikagua. Ukanywa chai yangu. Ukanicheka kwa sababu ya hizi pamba. Ulipoondoka nikajiuliza, kumbe kikipoa anakuja?" "Tangu siku hiyo sijakosa hata jioni moja. Nilikuwa nakuita. Sikujua kuwa nakuharibia."

Lo! Hasira yangu yote nikaitafuta nisiione. Joto lililonipanda usoni halikuwa la jua wala la lami. Na mimi nitasema kweli, maana sijui kusema uongo hata wa kujiokoa. Betri ya kumi na saba niliibadilisha mara tano. Mara nne kati ya hizo ilikuwa nzima kabisa. Vipimajoto vingine thelathini na tisa nilivitembelea mara moja moja, na hakuna hata kimoja nilichokiendea nimepaka wanja.

"Ungeweza kupiga simu," nikamwambia.

"Ningesema nini?"

"Ungesema uje unywe chai."

"Ungekuja?"

Nadhani macho yalimjibu, kwa sababu tabasamu lilianza kumtoka kidogo kidogo, na mkono wake ukasogea mpaka karibu na wangu pale ukingoni mwa ndoo.

"Nilijua tu!"

Tuliruka wote wawili. Mlangoni mwa kile chumba kidogo cha juu ya paa alisimama mama yake, trei ya mayai mikononi. Mtaani humwita Mama Vifaranga, maana ndani ya chumba hicho ana mashine ya kutotolea vifaranga iliyomsomeshea watoto wanne. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. Mara zote nilizopanda pale alinijibu salamu, akaishia hapo.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikisimama haraka na kujifuta vumbi.

"Marahaba. Mashuka yangu yanapungua kabatini, namlaumu jirani. Kumbe mwanangu anamvisha mdudu wa Bibi Joto." Akamgeukia Fundi. "Na wewe! Miaka thelathini na mbili, unatongoza kwa ndoo?"

"Mama..."

"Nyamaza. Binti, nisikilize, sina ubaya na wewe. Una adabu, una kazi yako. Lakini watu wa mikataba nawajua. Wanakuja na ngazi yao, wanapanda, wanashuka, wanaondoka na ngazi yao. Na huyu akishapenda, hajui kuacha. Nitabaki naye mimi hapa, anashona godoro moja wiki nzima. Kwa hiyo chukua hicho kimashine chako, mwache mwanangu."

Hayo yaliniingia, jamani, kwa sababu hakuyasema kwa kunichukia. Aliyasema kwa kumpenda mtu yule yule niliyempenda mimi.

Fundi akaninong'oneza. "Sikia. Kama kosa lenyewe linajulikana na sisi watatu tu, si uache? Bosi wako anaupenda mtaa wa baridi. Mwache nao. Mkataba wako unabaki."

Sitaficha, nilifikiri. Nilifikiri kwa muda wa kama pumzi tatu. Kisha nikatoa simu.

"Watu watajenga nyumba kwa kufuata karatasi yangu," nikasema. "Watalala ndani yake na watoto wao, wakingojea upepo ambao ni shuka. Siwezi." Nikapiga, nikaweka spika ili nao wasikie.

"Binti!" sauti ya Bosi ikajaa paa zima. "Naandaa hotuba. Nimeuita Mtaa wa Baridi, herufi kubwa."

"Bosi, huo mtaa haupo."

"Haupo? Umehamia wapi?"

"Ni shuka, Bosi."

"Shuka gani?"

"Shuka la kitanda. Lenye maji. Lilifungwa kwenye kipimajoto kila jioni."

Kuku wa jirani akalia.

"Nani alilifunga?"

"Fundi magodoro."

"Kwa sababu gani?"

Nikamtazama Fundi. Fundi akatazama miguu yake. "Sababu za kifamilia, Bosi."

"Familia ya nani?"

"Hilo bado halijajulikana."

Bosi alivuta pumzi ndefu. Ni mtu mzuri, lakini hotuba alishaichapa. "Umefanya vyema kusema kabla ya Alhamisi. Lakini unajua pengo hilo maana yake nini. Bila vipimo vya mitaa ya zamani sina cha kuwaonyesha. Itabidi tufunge mradi. Pole, binti."

Simu ikakatika. Sikulia. Nilijikaza kisabuni, nikaanza kulifungua lile shuka, na ncha zake zilikuwa zimeshakauka.

"Unatafuta joto la saa kumi na moja?" Mama Vifaranga akauliza. Alikuwa bado amesimama pale pale na mayai yake.

"La saa zote, mama. Lakini lililoharibika ni la jioni."

"La hapa juu?"

"La hapa juu."

Akampa Fundi trei, akaingia chumbani, akarudi na daftari la shule lililovikwa karatasi ya gazeti. Akanifungulia katikati. Mistari ilikuwa imenyooka, mwandiko mdogo wa kalamu ya bluu. Tarehe. Saa kumi na mbili asubuhi. Saa nane mchana. Saa kumi na moja jioni. Saa mbili usiku. Na mbele ya kila saa, namba.

"Mayai hayataki mchezo," akasema. "Joto la nje likipanda, la ndani linapanda, na yai linaiva badala ya kutotoa. Kwa hiyo napima nje ndiyo nijue taa ngapi niwashe ndani. Kipimajoto changu kile pale, kivulini."

Nilikuwa nimepita mbele ya kile kipimajoto mara tano na kukiona ni pambo! Nikatoa changu cha mkononi, nikakisogeza kando ya chake, tukasubiri. Changu kikaonyesha arobaini na tatu. Chake arobaini na tatu na nusu.

"Chako kinazidi nusu, mama."

"Najua. Hiyo nusu huwa naitoa kichwani kabla sijaandika."

Nusura nimbusu. "Mama, umeandika tangu lini?"

"Tangu baba yake afariki, nilipoachiwa mashine. Miaka tisa. Madaftari kumi na nne." Akakunja uso, akakumbuka kitu. "Zamani saa mbili usiku nilikuwa nawasha taa nne. Walipomwaga lami hapo chini na kujenga lile ghorofa la mbele, nikashusha zikawa mbili. Sasa nawasha moja, na siku nyingine hata moja siwashi. Ukuta wenyewe unaatamia."

Mimi na vipimajoto arobaini tulikuwa tunatafuta ile sentensi kwa siku ishirini na nne, na mwenye nayo alikuwa ananijibu salamu kila nilipopanda.

"Mama, nakuomba uniazime haya madaftari."

"Hayatoki nyumbani kwangu," akasema, akalifunga lile daftari. "Unayataka, uje uyanakili hapa. Mezani kwangu. Na wewe," akamwambia Fundi aliyekuwa ameanza kucheka, "ukae chini na pamba zako."

Nilikwenda jioni sita mfululizo. Mama alisoma, mimi niliandika, na kutoka chini tulisikia sindano ya Fundi na mluzi wake aliokuwa akiuvuta makusudi ili tujue yuko. Kila baada ya nusu saa alipanda kuuliza kama tuna maji ya kunywa. Mama alimwambia tuna maji ya kutosha kuogea. Jioni ya tatu mama alinicheka nilipokosea mstari. Ya nne alinipa mto wa kukalia. Ya sita, tulipomaliza daftari la kumi na nne, akaniuliza bila kunitazama.

"Sasa unaondoka?"

"Mkataba unaisha mwisho wa mwezi, mama. Zaidi ya hapo sijui."

"Basi ukija kuchukua hicho kimashine, usisahau na ngazi yako."

Nilishuka ngazi hizo bila kuona vizuri nakanyaga wapi.

Siku thelathini zikatimia. Nilizunguka mitaa nikifungua vipimajoto kimoja kimoja, thelathini na tisa, nikavipanga ofisini kwenye maboksi. Kumi na saba sikukigusa. Nilijiambia nitakwenda kesho, na kesho ikifika nasema kesho. Alhamisi Bosi akaenda kwa wakubwa bila mtaa wa baridi, mkononi ana karatasi za Mama Vifaranga zinazoonyesha jinsi usiku wa mtaa mmoja ulivyopanda kwa nyuzi nne ndani ya miaka tisa. Alirudi saa tisa, tai ameilegeza, akaniwekea barua mezani.

"Wameomba mwaka mmoja zaidi. Mitaa ya zamani yote. Nimewaambia nina mtu." Akanitazama juu ya miwani. "Au hizo sababu za kifamilia zitakuzuia?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nilikaa chini, nikaisoma barua mara tatu, kisha woga ukanishika upya. Nilikuwa nabaki, ndiyo. Lakini mama wa watu aliniambia nichukue ngazi yangu. Ningepanda tena pale kwa miguu ipi?

Ilikuwa bado inanisumbua mlango ulipogongwa. Fundi. Amechana nywele, na hata pamba moja haimo, mpaka nikaona kama amepungua kitu.

"Mama amenikataza kukuleta nyumbani mpaka ijulikane unabaki au unaondoka," akasema, amesimama katikati ya maboksi yangu. "Hakunikataza kuja kuuliza. Nimevumilia siku nne. Unaondoka?"

Nikamsukumia barua. Akaisoma akifuata maneno kwa kidole. Alipofika mwisho akaianza tena.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Nakupenda, Bibi Joto," akasema, moja kwa moja, bila ndoo. "Nilipanga kulisema vizuri zaidi, lakini nimesahau nilivyopanga."

"Na mimi nakupenda. Betri zako zilikuwa nzima."

"Nilijua. Ulizitupa, nikazitia kwenye redio, mpaka leo inaimba."

Tukacheka mpaka machozi, amenishika mikono yote miwili. Na hapo simu yangu mezani ikalia mlio mfupi, ule wa kunionya kwamba kipimo fulani kimeshuka ghafla. Tukainama pamoja kuangalia. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Kipimajoto namba kumi na saba. Nyuzi thelathini na tano.

Nikamtazama Fundi. Mikono yake bado ilikuwa ndani ya yangu.

"Si mimi!" akasema.

Hatukusubiriana. Tulikwenda kwa miguu, tena kwa kukimbia, kwenye lami ile iliyokuwa inachoma mpaka ndani ya viatu, na watu walitupisha wakidhani kuna nyumba inaungua. Tukapanda ngazi za nyumba yake mbili mbili.

Mama Vifaranga alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduka, kando ya kipimajoto changu kilichofunikwa shuka jipya kabisa, lenye mikunjo ya dukani. Daftari lilikuwa mapajani mwake.

"Mmechelewa," akasema. "Limeshaanza kukauka."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaondoka au unabaki?"

"Nabaki, mama."

Alinitazama kwa yale macho yasiyopepesa, muda mrefu, mpaka Fundi akakohoa. Kisha akafungua daftari. Lilikuwa jipya, la kumi na tano, ukurasa wa kwanza mtupu, na tarehe ya siku ile ameshaiandika juu. Akachomoa kalamu ya bluu kutoka nyuma ya sikio, akanipa vyote viwili.

"Saa kumi na moja hiyo imefika. Kasome, uandike."

Nikaenda mpaka kile kipimajoto chake kivulini. Kilisema arobaini na mbili na nusu.

"Na ile nusu, mwanangu," akasema nyuma yangu, "usisahau kuitoa."